Tuliokua tukimshangilia Shaka Zulu kwenye banda la video, tukutane hapa

MtoWaMatogoro (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Wiki mbili hizi, watoto wakishalala, nimekuwa nakaa sebuleni peke yangu nairudia Shaka Zulu, tamthilia ya runinga kuhusu yule mfalme wa Wazulu. Ile yenyewe ya 1986, ya Henry Cele, sehemu zote kumi. Mara ya mwisho kuiona nilikuwa na miaka kumi, Songea, nimekaa mkekani mstari wa mbele kabisa, shingo imekaza kutazama runinga iliyowekwa juu ya kabati. Nina mengi ya kusema, kwa hiyo mnivumilie.

Banda letu lilikuwa Mfaranyaki. Umeme wa Songea enzi hizo ulikuwa wa mashine za dizeli, na ukikatika katikati ya vita hakuna anayetoka, tunasubiri gizani huku kila mmoja anasimulia anachodhani kitafuata. Mkanda ulikuwa umechoka. Picha inapanda na kushuka, mistari myeupe inapita usoni kwa watu, mwenye banda anatoa mkanda, anasafisha hedi ya deki kwa pamba na spiriti, anarudisha, tunapiga makofi. Kiingereza hatukijui, Kizulu hatukijui. Kulikuwa na kaka mmoja wa sekondari aliyekuwa anatupa maelezo kwa sauti, na nusu ya maelezo yake nimegundua sasa kwamba alikuwa anayatunga. Lakini Shaka alieleweka bila mkalimani. Cele akisimama tu, akikutazama kwa yale macho yake, banda zima linanyamaza.

Tukitoka hapo ni uwanjani. Mikuki ya mabua ya mahindi, ngao za maboksi. Tulikuwa tunajipanga pembe za nyati kama tulivyoona: kifua katikati, pembe mbili zinazunguka kushoto na kulia, na wengine wanabaki nyuma kama akiba. Kuna ile sehemu Shaka anawalazimisha askari wake wacheze pekupeku juu ya miiba, anayeonyesha maumivu anauawa. Na sisi tulikwenda kutafuta mbigili tukazikanyaga. Nina kovu mguu wa kushoto mpaka leo.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nifungue uzi huu.

Siku moja babu alikuwa amekaa kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe, akatuita. Akauliza mnacheza nini. Tukamwambia Shaka. Akauliza nani Shaka, nikasema mimi. Akauliza, "Na Zwide ni nani?" Tukatazamana. Zwide, mfalme wa Wandwandwe, alikuwa adui, hakuna mtoto aliyekubali kuwa Zwide. Tulikuwa tunawapachika wale wadogo ambao hawana la kusema. Babu akasema, "Basi mmekosea. Ninyi ni wa Zwide. Huyo mnayemshangilia ndiye aliyetutoa kwetu." Akaendelea kuchonga.

Hakueleza zaidi, na mimi sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kurudi uwanjani. Babu alifariki 1996, na lile neno lake likakaa tu kichwani kama kitu cha wazee.

Juzi nimefika kwenye vita vya Wandwandwe, nikasimamisha picha. Mashujaa wa Zwide wanaanguka mmoja mmoja, kamera haiwaangalii usoni, haiwajui kwa majina. Wanaobaki wanakimbia, wanatoka kwenye picha upande mmoja, hadithi inarudi kwa Shaka. Nikakaa natazama pale walipotokea. Wakuu, wale waliokimbia ndio sisi Wangoni. Zwangendaba alikuwa mmoja wa makamanda waliokuwa chini ya Zwide. Alipopigwa Zwide, kati ya 1818 na 1820, Zwangendaba akachukua watu wake akaenda kaskazini, na hakusimama mpaka Ufipa. Babu yake babu yangu alizaliwa njiani, huko Ufipa. Sisi tulikuwa tunalipa kiingilio kushangilia siku tuliyofukuzwa.

Kwa upande wa utengenezaji, nasema kwa moyo wote, ile kazi bado imesimama. Mimi niliogopa kwamba nikiirudia nitaona vitu vya kitoto. Sivyo. Dudu Mkhize aliyeigiza Nandi, mama yake Shaka, anabeba mambo mazito bila kupaza sauti. Umati ni watu kweli, mamia, miguu yao ikipiga chini unasikia kifuani. Na ule wimbo wa mwanzo wa Margaret Singana, mama aliyeuimba akiwa ameshapigwa na kiharusi, ulinitoa machozi kabla hata hadithi haijaanza. Alifariki mwaka 2000. Cele naye, ambaye kabla ya kuigiza alikuwa golikipa wa mpira, alifariki Novemba 2007.

Lakini kuna jambo ambalo mtoto hawezi kuliona. Hadithi yote inasimuliwa na Mzungu. Kabla hujamwona Shaka unakaa na mabwana wa London na Cape Town wanajadili wamfanye nini. Kisha anakuja Luteni Farewell na daktari Fynn, na utoto mzima wa Shaka, mateso ya mama yake, kila kitu, unakipata kupitia mdomo wa Fynn. Tulikuwa tunamwona Shaka kupitia dirisha la mtu aliyekuja kutafuta pembe za ndovu.

Nataka kusikia kutoka kwenu mlioitazama enzi hizo, hasa mlioirudia ukubwani. Mmeona nini?

Kifaru_Mweupe

Mkuu umenirudisha mbali sana. Sisi Iringa tulikuwa tunaiangalia kwa jirani, watu wamejaa mpaka madirishani. Neno "Bayete", ile salamu ya mfalme wa Kizulu, tulilitumia kumsalimia mwalimu mkuu, tukachapwa.

BintiLizaboni

Kaka, asante kwa uzi. Mimi naomba niongee kuhusu Nandi maana wanaume mkianza Shaka huwa mnaishia kwenye mikuki.

Mabandani sisi wasichana hatukuruhusiwa. Niliitazama kwa mama mdogo, nyumba za watumishi wa hospitali, mara moja tu, siku mbili mfululizo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kilichonikaa si vita. Ni pale Nandi wa ukoo wa Langeni anapobeba mimba ya Senzangakhona, mkuu wa Wazulu, na ukoo wa mwanaume unajibu kwamba huyo binti hana mimba, ana ishaka, yule mdudu wa tumboni anayesemekana kuzuia siku za mwanamke. Mtoto akazaliwa, akapewa jina la ule mdudu. Mama mdogo aliposikia hivyo aliinuka akazima deki. Hakuwa ameolewa na alikuwa na mtoto. Tulikaa kimya muda mrefu, ndipo akawasha tena mwenyewe.

Nimeirudia mwaka jana, na ninakubaliana nawe kwamba Dudu Mkhize ndiye moyo wa ile tamthilia. Angalia namna anavyotembea na mtoto mgongoni kutoka kwa watu wanaomdharau kwenda kwa wengine wanaomdharau. Hapo hakuna Fynn. Hapo ni mwanamke na njaa.

Ila ukifika kifo chake, Oktoba 1827, angalia vizuri nani anakupa habari. Ile habari ya maombolezo, kwamba watu waliuawa kwa maelfu kwa sababu hawakulia vya kutosha, kulima kukakatazwa, maziwa yakamwagwa, hesabu ya watu 7,000 ni ya Fynn mwenyewe. Na shajara ya kwanza ya Fynn ilipotea, inasemekana ilizikwa kaburini pamoja na ndugu yake, akaandika upya kwa kumbukumbu miaka mingi baadaye. Ikachapishwa 1950. Kwa hiyo mwanamke aliyeanza kwa kusingiziwa mdudu, anamalizia kwa kuhesabiwa maiti na mtu anayekumbuka. Hilo linaniuma.

Chui_wa_Pwani

Jamani, mbona mnachimbua sana? Ilikuwa burudani. Steringi alikuwa mtu mweusi, mfalme, ana jeshi, Wazungu wanamnyenyekea. Mimi nilikulia Tanga, filamu zote nyingine mtu mweusi ni mpishi au anakufa mwanzoni. Shaka alinifanya nitembee kifua mbele. Hilo halina haja ya uchambuzi.

MtoWaMatogoro

Chui, sikupingi hata kidogo. Hata mimi kifua kilikuwa mbele, na ndiyo maana nimeirudia. Kitu kisichokuhusu huwezi kukaa nacho usiku kumi. Ila kifua kile kile ndicho kilichonifanya nisimsikie babu.

BintiLizaboni, hiyo habari ya mama mdogo nimeisoma mara mbili. Ubarikiwe kwa kuisema.

Kijana_wa_Mazimbu

Wakubwa shikamooni. Mimi nina upande mwingine wa kuongeza, kwa sababu nimekulia Morogoro, jirani na Mazimbu, ambako wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wa chama cha ANC, walikuwa na shule yao, Chuo cha Solomon Mahlangu, kuanzia 1978 mpaka walipoondoka 1992. Tulicheza mpira na watoto wao. Baba yangu alikuwa fundi, alifanya kazi pale.

Baba aliwahi kuleta ule mkanda nyumbani, akamkaribisha rafiki yake, mwalimu mmoja kutoka kule, Mzulu wa Natal. Baba alidhani anampa zawadi. Yule mzee alitazama nusu saa, akauliza nani ametengeneza. Akaonyeshwa ganda la mkanda. Ilikuwa ni SABC, shirika la utangazaji la serikali ya makaburu. Akasema asante kwa chai, akaaga. Baba alikasirika, alifikiri amemkosea mgeni. Kesho yake yule mzee akarudi mwenyewe kueleza.

Alichoeleza ni hiki, na mimi nilikuwa nasikiliza mlangoni. Mwaka 1986 Afrika Kusini ilikuwa chini ya hali ya hatari, iliyotangazwa Juni 12 nchi nzima. Vijana wanapigwa risasi mitaani, maelfu wako ndani bila kesi. Dunia inaiwekea nchi vikwazo. Mwaka huo huo serikali hiyo hiyo, kwa fedha yake, inatoa tamthilia kubwa kuliko zote ilizowahi kutengeneza, inaiuza Marekani na Ulaya, na ndani yake mfalme mweusi ana akili na nguvu lakini mwisho wake ni damu na kichaa. Na Wazungu wanaokuja ni watu wa kuongea, wanaokuja kutafuta maelewano na Wazulu. Yule mzee alisema, "Wanawaambia Wazulu kwamba ninyi ni taifa peke yenu, msiende na wenzenu." Wakati huo kule kwao Natal watu weusi wa Inkatha, chama cha Wazulu, na watu weusi wa UDF, umoja uliokuwa upande wa ANC, walikuwa wameanza kuuana.

Kwa hiyo fikirini: Tanzania iliwapa wale watu ardhi, ilikataa hata kutugongea pasi za kwenda Afrika Kusini, na mabandani kwetu tulikuwa tunaangalia kazi ya SABC bila kujua. Simlaumu mtu. Mwenye banda alikuwa anatafuta riziki. Ila mimi kila nikisikia ule wimbo namwona yule mzee anaweka kikombe chini.

Kifaru_Mweupe

Aisee. Hili sikuwahi kulifikiria.

Chui_wa_Pwani

Kijana, nimekusikia. Hapo kwenye hali ya hatari umenigusa. Lakini waigizaji walikuwa wenyewe, Wazulu halisi, na walifanya kazi ya heshima. Cele hakuwa wa makaburu, kabla ya hapo alishamwigiza Shaka jukwaani. Msimzike pamoja na waliolipa.

Kijana_wa_Mazimbu

Simziki, kaka. Hata yule mzee alimsifu Cele. Alisema yule ndugu anatembea kama babu zetu.

Mwalimu_Mstaafu_Kilosa

Nimefundisha historia miaka thelathini na moja, kwa hiyo mtaniwia radhi nikirefusha.

Kwanza nimpongeze mwanzisha uzi. Pili nimrekebishe kidogo, na marekebisho haya yasimvunje moyo.

Mlichoonyeshwa kwenye tamthilia kuhusu Farewell si sahihi. Hakutumwa na London kwenda kumtuliza Shaka. Alikuwa luteni wa zamani wa jeshi la majini aliyegeuka mfanyabiashara, na mwaka 1824 yeye na Fynn walifika Port Natal, Durban ya leo, kutafuta pembe za ndovu. Serikali ya Uingereza wakati huo haikuwa na hamu na pwani ile. Mwenzao, Nathaniel Isaacs, alimwandikia Fynn barua mwaka 1832 akimshauri kwamba wakiandika vitabu vyao wawaeleze wafalme wa Kizulu kuwa wamwaga damu kadiri iwezekanavyo, maana ndivyo kitabu kinavyonoga, na wao walikuwa na matumaini ya kupata ardhi. Barua ipo. Kwa hiyo BintiLizaboni ana haki ya kutilia shaka ile 7,000.

Wako pia wazee wa Kizulu waliosimulia wenyewe. Afisa mmoja wa kikoloni aliyekijua vizuri Kizulu, James Stuart, alikaa na wasimulizi karibu 200 kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, akaandika maneno yao. Humo Shaka ni mgumu kuliko wa runingani. Wako wanaomsifu na wako wanaomlaani, kutegemea ukoo wa msimulizi ulikuwa upande gani. Ndiyo maana yule babu wa Mfaranyaki kwangu ni chanzo cha historia kama vyanzo vingine.

Tatu, hili la kufukuzwa. Vitabu vyetu vya shule vilisema Shaka peke yake ndiye aliyevuruga kusini yote, tukaita vurugu zile Mfecane. Mwaka 1988 mwanahistoria Julian Cobbing alipinga vikali. Alisema lawama yote kumtupia Shaka inaficha biashara ya watumwa ya Delagoa Bay, Maputo ya leo, na wavamizi waliotafuta vibarua kwa ajili ya walowezi wa Cape. Wenzake walimjibu kwamba naye amezidisha, hasa kuhusu tarehe za hiyo biashara. Kilichobaki baada ya ubishi ule ni kwamba ukame, kugombania biashara ya pembe, na ugomvi wa falme zenyewe, Wandwandwe, Wamthethwa, Wangwane, ulikuwepo kabla Shaka hajashika mkuki. Zwide hakuwa mnyonge. Ndiye aliyemuua Dingiswayo, mlezi wa Shaka. Angeshinda yeye, leo tungekuwa na tamthilia ya Zwide.

Nne, safari. Zwangendaba alivuka Zambezi Novemba 20, 1835, na siku inajulikana kwa sababu jua lilipatwa. Akapita Malawi na Zambia za leo, akafika Ufipa akapaita Mapupo, akafa hapo karibu na 1848. Baada yake watu wakagawanyika: Mpezeni akaenda upande wa Chipata, M'mbelwa akarudi Mzimba, Watuta wakapanda mpaka Unyamwezi wakaja kuwa sehemu ya vita vya mtemi Mirambo, na kundi la Zulu Gama likashuka Songea. Vijana huwa wanakosea hapa: Zulu ni jina la mtu huyo, si kabila lake. Na huko Songea kundi hilo liliwakuta Wangoni wengine, wa Mputa Maseko, waliopita njia ya mashariki na hawakuwa kundi la Zwangendaba. Wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Wamaseko wakashindwa, wakarudi kusini, na kizazi chao kiko Ntcheu, Malawi.

Kwa hiyo neno la babu, "ninyi ni wa Zwide", ni kweli kwa watu wachache waliotoka kule wakafika. Safari ilichukua takriban miaka arobaini. Njiani walichukua Wasenga, Watumbuka, na walipofika Ruvuma wakachukua wenyeji. Sikilizeni Kingoni cha Songea leo: "nkosi" (mfalme) na "nduna" (mkuu chini ya mfalme) zimebaki, lakini lugha yenyewe ni ya hapa hapa. Ni lugha ya akina mama waliolea.

Namtumbo_Kwetu

Shikamoo mwalimu. Hapo mwisho umegusa nilichokuwa nasubiri mtu aseme tangu ukurasa wa kwanza.

Mimi ni Mndendeule. Nimesoma uzi wote kwa heshima, na nimemuonea huruma babu wa mwanzisha uzi. Lakini na sisi je?

Wangoni walipofika na zile pembe za nyati walizojifunza kwa kupigwa, walizitumia kwetu. Babu zetu walikuwa wanalima pale. Wakachukuliwa, vijana wakaingizwa kwenye vikosi, wanawake wakaolewa bila kuulizwa, tukaitwa "sutu", wa chini. Waliojaribu kuasi wakapigwa, wakakimbilia kaskazini mpaka bonde la Kilombero, na huko, kwa mbinu zile zile za Kingoni, wakawatoa wengine. Ndio Wambunga wa Ifakara hao. Nenda Iringa ukawaulize Wahehe, nao walijifunza vita kwa Wangoni, ndipo wakapigana nao mpaka wakachoka wote, na leo ni watani.

Nilipoitazama Shaka Zulu nikiwa mdogo, Namtumbo, bibi alipita akatazama dakika mbili. Akasema, "Hawa ndio wale waliokuja." Kwake yeye Shaka, Zwide, Zwangendaba, wote walikuwa wamoja: watu wenye ngao wanaokuja.

Sisemi haya kwa ubaya. Maji Maji tulikufa pamoja. Februari 27, 1906, walioninginizwa pale Mahenge, Songea, makumi kwa siku moja, Mjerumani hakuwauliza nani Mngoni wa asili na nani sutu. Ila kama tunairudia ile tamthilia, tuirudie mpaka kwa wale ambao hawakupata hata nafasi ya kuwa maadui ndani yake.

BintiLizaboni

Nimenyamaza. Baba yangu Mngoni, mama yangu Mndendeule. Nyumbani hili halikuwahi kutamkwa.

Chui_wa_Pwani

Kweli elimu haina mwisho. Nimejifunza hapa leo kuliko kidato chote cha pili. Namtumbo, heshima kwako.

Mama_Ntokozo

Habarini. Naandika kutoka Johannesburg, niko huku mwaka wa kumi na nne, nimeolewa na Mzulu. Wengi mmezungumzia ya zamani, niwape habari ya mpya. Tamthilia ya Shaka iLembe ilianza Juni 2023, na huku ilikuwa kila Jumapili barabara zinatulia. Lemogang Tsipa ndiye Shaka, Nomzamo Mbatha ndiye Nandi. Inaongewa Kizulu, haina Mzungu wa kutusimulia, na wahusika wa Wandwandwe wana majina, wana mama, wana sababu zao. Zwide wa Wiseman Mncube utamchukia halafu utamwelewa.

Mama mkwe wangu aliishi ile ya 1986 pia. Nilimuuliza ipi bora. Alisema ile ya zamani alikuwa anaitazama kwa jirani mwenye runinga, watu arobaini chumba kimoja, na kwa mara ya kwanza aliona mavazi ya bibi yake kwenye runinga ya nchi yake. Runinga yenyewe ilianza huku 1976 tu. Alijua nani analipa. Alitazama hivyo hivyo. Alisema, "Niliwatazama watu wangu, maneno yao niliyaacha yapite." Nimeona niilete kwa ajili ya Kijana wa Mazimbu na yule mwalimu wake.

Kijana_wa_Mazimbu

Dada, nimeipokea. Nitamsomea baba jioni hii.

MtoWaMatogoro

Wakuu, nimekaa kimya siku tatu kwa sababu ya ule ujumbe wa Namtumbo.

Mwalimu, marekebisho nimeyapokea yote. Hata hilo la Maseko sikuwa nimelipanga vizuri kichwani.

Namtumbo, sikukujibu haraka kwa kuwa nilitaka kwanza kuongea na shangazi, dada yake baba, ndiye mkubwa aliyebaki kwetu. Nilimpigia simu Jumamosi. Nikamuuliza habari za bibi, mke wa babu yule wa kigoda. Sisi wajukuu tulijua tu kwamba bibi katoka "upande wa Namtumbo", basi. Hatukuwahi kuuliza zaidi. Babu alikuwa na safari ya Zwangendaba, jua kupatwa, mto Zambezi, nkosi fulani na nduna fulani. Bibi alikuwa na shamba na kuni.

Shangazi alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Hukuwahi kuona? Babu yako akianza Zwangendaba, bibi yako alikuwa anainuka kwenda kuangalia moto."

Nimekumbuka. Wakuu, nimekumbuka kabisa. Jioni, sisi tumekaa kwa babu, yeye amefika Zambezi, bibi anajifunga kanga vizuri anaingia jikoni. Na moto ulikuwa unawaka vizuri tu. Mimi nilidhani ameisikia ile hadithi mara nyingi mno.

Usiku ule nilirudi kwenye sehemu zile za vita. Safari hii sikumtazama Shaka, wala Zwide. Kuna mahali jeshi linapita kwenye makazi ya watu, ni sekunde chache, moshi unatoka kwenye paa, mwanamke mmoja amesimama na chungu mkononi, hajui akiweke chini au akimbie nacho. Nadhani ni mtu wa kujaza picha tu, hana hata neno moja. Nilirudisha nyuma nikamtazama tena na tena.

Shangazi ana miaka themanini na moja na bado ana kumbukumbu nzuri. Februari naenda Songea kwa ajili ya kumbukumbu ya mashujaa, nitakaa naye wiki nzima na kinasa sauti. Safari hii naanza na upande wa bibi. Kama kuna mwenye wazee Namtumbo, Lusewa au Mgombasi ambao wanaweza kuongea, naomba aniandikie pembeni, nitafika.

Namtumbo_Kwetu

Karibu sana. Mama yangu yuko hapa, nimemsomea ulichoandika. Anauliza, bibi yako alikuwa wa ukoo gani?